Mbuzi Huyu na Mbuzi Hii

Katika lugha yetu ya Kiswahili mna maneno ambayo mtu huyatumia tangu utotoni hadi uzeeni asiulize hata siku moja yametoka wapi. Huyatumia kama atumiavyo mikono yake. Moja katika maneno hayo ni mbuzi, na leo, wasomaji wapenzi, nataka tuliweke mbele yetu tulitazame. Simkusudii yule alaye majani na kupanda juu ya kuta, ingawa na yeye tutamtaja kwa kuwa ndiye mwenye jina. Nakusudia mbuzi ile ikaayo jikoni, nyuma ya mlango au chini ya meza, ambayo bila yake hapana wali wa nazi, hapana mbaazi za kulia mahamri, wala hapana samaki wa kupaka.

Mgeni atokaye bara, akisikia mama wa kwetu akimwambia mtoto, "Hebu nenda kwa jirani ukaniazimie mbuzi, magharibi yaja na futari haijawa," hupigwa na butwaa. Atajiuliza ni watu gani hawa waazimanao mbuzi, na huyo mbuzi wa kuazima atachinjwa saa ngapi, atachunwa saa ngapi, na mwenyewe atarudishiwa nini. Mara mtoto hurejea amekumbatia kigoda cha mbao kinachokunjika, kimetoa kipande cha chuma mbele chenye meno mviringo kama ya msumeno. Hiyo ndiyo mbuzi.

Kwa faida ya wale walioiona kwa macho tu bila kuikalia, nitaieleza kidogo. Mbuzi ya kale ni mbao mbili zilizopenyezwa moja ndani ya nyingine zikapishana katikati. Ukizifungua husimama kwa miguu minne, ukizifunga hulala bapa kama ubao mmoja, ukatundika ukutani au ukasukumiza uvunguni. Ubao mmoja ni mpana, ndio wa kukalia. Na ule ubao hutokeza mbele shingo nyembamba, na kwenye ncha ya shingo ndipo kilipopigiliwa chuma. Fundi aijuaye kazi yake huzichonga mbao hizo zikashikana zenyewe bila bawaba wala gundi. Na msomaji akitaka kuuona ufundi uo huo mahali pengine, basi aingie msikitini au chuoni atazame marufaa, kile kiweko cha kuwekea msahafu. Nacho pia ni mbao mbili zilizopishana katikati, zafunguka na kufunga vivyo hivyo. Kimoja hubeba maneno ya Mwenyezi Mungu na kingine humbeba mpishi, wala sisemi kwamba vina daraja moja; nasema tu kwamba mkono wa seremala ni ule ule.

Kazi yenyewe ina msamiati wake, na msamiati huo ni mali. Nazi haikatwi, huvunjwa au hupasuliwa, kwa mgongo wa mundu, igawanyike sawasawa iwe vizio viwili. Aivunjaye ovyo akapata kizio kimoja kikubwa na kimoja kama kijiko, ajue amejitafutia kazi. Mkunaji hukaa juu ya mbuzi, akakishika kizio kwa mikono miwili, akakizungusha juu ya meno ya chuma, na ile nyama nyeupe ikawa yaanguka ndani ya sinia lililo chini. Hapa ndipo mkunaji hodari ajulikanapo. Asiyejua hukuna mpaka akafika kwenye lile ganda la kahawia, tui likatoka na rangi ya maji ya mtoni. Ajuaye husita unywele mmoja kabla. Kisha nazi iliyokunwa hutiwa maji, huingizwa ndani ya kifumbu kilichosukwa kwa ukindu, hukamuliwa, na likatoka tui la kwanza, zito, ambalo wazee wetu huliita kasimile. Hilo huwekwa kando mpaka mwisho. Hutiwa maji tena, likatoka tui la pili, ndilo la kupikia. Mabaki huitwa chicha, nayo hutupiwa kuku. Kifuu kitupu nacho hakitupwi: kikitiwa mpini huwa upawa wa kupakulia au kata ya kutekea maji mtungini, na kisipotiwa mpini huingia jikoni kuwa moto.

Si kila tunda la mnazi hupanda juu ya mbuzi. Kitale hakina kitu. Dafu hunywewa maji na nyama yake hukombwa kwa kijiko. Koroma limeanza kukaza lakini tui lake halina nguvu, na mpishi aliyeuziwa koroma akidhani ni nazi atajua mchuzi utakapokataa kushika. Nazi iliyokauka hadi ikawa mbata, hiyo ni ya mafuta. Nazi peke yake, iliyokomaa mtini, ndiyo ya mbuzi. Mtoto wa pwani aliyekulia jikoni alikuwa akiyajua haya yote kabla ya kujua kuhesabu hadi mia.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Lugha ina njia yake ya kutenganisha mnyama na chombo, na njia hiyo haimo katika jina. Imo katika vile viungo vidogo vinavyolifuata. Mnyama ni mbuzi huyu, mbuzi wangu, mbuzi amepotea, mbuzi wawili. Chombo ni mbuzi hii, mbuzi yangu, mbuzi imepotea, mbuzi mbili. Kwa hivyo mtoto aliyetumwa "kaniletee mbuzi yangu" hakosei njia, na aliyeambiwa "kaniletee mbuzi wangu" hushika kamba. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliziweka maana zote mbili, akakieleza na chombo kilivyo. Kamusi za leo nazo huzitenga, zikaonyesha kuwa mmoja hufuata upatanisho wa viumbe wenye roho na ya pili hufuata upatanisho wa vitu.

Lakini pana mahali pamoja ambapo ukuta huo hubomoka. Katika wingi, sisi watu wa pwani tukitaja mali yetu iliyo hai twasema "mbuzi zangu" na "ng'ombe zangu", kama tusemavyo "ndugu zangu" na "rafiki zangu". Twasema "mbuzi zangu wamepotea" tukikusudia wanyama, na "mbuzi zangu zimepotea" tukikusudia vyombo. Kitenzi kikiwapo, hapana tabu. Kitenzi kikikosekana, na likabaki "mbuzi zangu" peke yake, hapo hata mwanachuoni hawezi kujua ni zipi.

Labda msomaji ataona haya ni mambo ya kujipumbaza. Nami nitamsimulia kisa nilichokishuhudia mwaka 1984 katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, na majina nitayaacha kwa kuwa jamaa wapo. Alifariki bibi mmoja mtu mzima, mjane, aliyekuwa na watoto wake watatu walioishi mbali, na msichana mmoja aliyemlea tangu utoto, ambaye hakuwa wa damu yake. Wasomaji mwaijua sheria: mtoto wa kulea harithi. Lakini aweza kuachiwa wasia, mradi usipite theluthi ya mali. Na bibi yule aliliona hilo, akaacha karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili safi, kama walivyoandika wazee wote wa zama zile. Miongoni mwa yaliyomo mlikuwa na maneno haya mafupi: sinia kubwa, mbuzi zangu na kifumbu apewe binti yangu wa kulea.

Bibi alikuwa na mbuzi watatu wa maziwa, waliokuwa wakizurura vichochoroni mchana na kurudi jioni. Na jikoni mwake mlikuwa na mbuzi mbili za kukunia nazi.

Warithi walisema jambo liko wazi kama mchana. Neno limekaa baina ya sinia na kifumbu. Ni vyombo vya jikoni, basi na apewe hizo mbuzi mbili aende zake kwa salama. Msichana, ambaye hakuwa msemaji, alisema tu kwamba bibi alikuwa akimwambia kila jioni, wakati wa kuwafunga wale wanyama, "Hawa ni wako." Lakini hakuwa na shahidi, na kauli ya mtu juu ya nafsi yake haimfai yeye. Mambo yakaanza kuwa mazito. Msidharau mbuzi watatu wa maziwa kwa msichana asiye na baba wala mume. Ni mtaji wa kuanzia maisha.

Akaitwa mzee mmoja wa mtaani, mtu wa kusoma, akaisoma ile karatasi mara tatu. Kisha hakuuliza habari za wanyama. Aliuliza habari za jikoni. Je, hizo mbuzi mbili zote ni za marehemu? Pakapita kimya. Jirani wa mlango wa pili, mama aliyekuja kutoa pole na kukaa ukumbini na wanawake wenzake, akapaza sauti nyuma ya pazia kwamba ile yenye mguu uliotiwa kiraka ni yake. Bibi aliiazima Ramadhani moja na haikurudi, naye aliona haya kuidai.

Basi mzee akasema maneno ambayo nayakumbuka hadi leo. Kama mbuzi ya jikoni ilikuwa moja tu, bibi angeandika "mbuzi yangu". Ameandika "zangu". Zangu ni nyingi, na nyingi alizomiliki ni zile zenye miguu ya kutembea. Mkubwa wa warithi akajibu kwamba labda marehemu aliihesabu na ile ya kuazima, maana ilikaa kwake miaka. Mzee akamtazama, akamuuliza kwa upole: je, wamdhania mama yako, akiwa kitandani na roho i juu ya shingo, angemuusia mtu amana ya jirani? Hapana aliyeweza kujibu "ndiyo" mbele ya kaumu ile. Msichana akapewa mbuzi watatu, na sinia, na kifumbu. Mbuzi ya kiraka ikarudi kwa mwenyewe. Na ile moja iliyobaki ikaingia katika urithi, nayo sijui waliigawa vipi kwa watu watatu.

Nimeona watu waliogombana kwa shamba, na kwa nyumba, lakini hao ndio pekee niliowaona wakisimama mbele ya mzee kwa sababu ya herufi mbili.

Tukirudi kwenye asili, neno mbuzi ni letu tangu kale. Halikuja na jahazi. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamelirudisha hadi kwa mama wa lugha hizo, na ukitembea leo utalikuta njia nzima. Wadigo na Wagiriama husema mbuzi kama sisi. Mkamba husema mbui, Mkikuyu husema mburi, Mganda husema embuzi. Ukiteremka kusini, Mzulu husema imbuzi na Mshona husema mbudzi. Na Washona hao wameufanya mwezi wa Novemba kuwa Mbudzi, mwezi ambao kwa mila zao haufungwi ndoa. Mnyama mwenyewe alifugwa kwanza huko Asia ya Magharibi, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita kwa kukadiria, kisha akaingia Afrika na wafugaji. Lakini jina alilopewa na Wabantu ni la Wabantu.

Maana ya pili, ile ya chombo, ndiyo ya pwani na visiwa. Mganda hakuni nazi kwa embuzi, wala Mzulu. Ni sisi wenye minazi tuliolichukua jina la mnyama tukakivisha kigoda. Na utaikuta maana hii Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na ukivuka bahari hadi Mayotte katika visiwa vya Ngazija utaikuta mbuzi inakaliwa na nazi inakunwa, kwa jina lile lile.

Kwa nini mbuzi, isiwe kondoo au paka? Nimewauliza wengi, na majibu yao ni ya namna tatu. Wa kwanza husema ni umbo: kitu chenye miguu minne, mgongo wa kukalika, na shingo iliyonyooshwa mbele kama mnyama anayefikia tawi. Wa pili husema ni tabia: mbuzi hutafuna kila kitu asibakishe, na meno ya chuma nayo hukomba kizio mpaka kikabaki kifuu. Wa tatu, na hawa kwa kawaida ni akina mama, husema ni maziwa. Mbuzi hutoa maziwa, na mbuzi hutoa tui. Na tui kwa rangi na kwa kazi ni maziwa ya mnazi. Hawa wa tatu lugha yawapa nguvu kidogo, kwani mnyama hukamwa na nazi hukamuliwa, na kukama na kukamua ni maneno ya tumbo moja. Yote mawili asili yake ni kubana kwa mkono mpaka kilicho ndani kitoke.

Kwa maoni yangu wa kwanza ndio wenye haki. Jina la chombo mara nyingi hutokana na kile jicho linachokiona kabla akili haijafikiri. Tuna ushahidi wa mbali ambao wengi hawaujui. Watu wa Thailand nao hula kwa tui, nao wana kigoda cha kukalia chenye chuma mbele cha kukunia nazi, na jina lake kwa lugha yao ni kratai, yaani sungura. Wala sungura hawamkami. Wamekitazama kigoda wakaona mnyama aliyejikunyata, wakampa jina la mnyama waliyemjua. Sisi tulitazama kitu kile kile tukaona mbuzi. Lakini sitabishana na akina mama kwamba maziwa ndiyo yaliyolifanya jina likae. Jina hupewa na jicho, na hudumu kwa sababu nyingine.

Na chombo chenyewe ni cha umri gani? Hapa twapata msaada wa mgeni tumjuaye. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akasifu misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi na watu waoshao miguu kabla ya kuingia, akaendelea hadi Kilwa, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar, kusini ya Bara Arabu. Katika habari za Dhofar, ambako minazi huota, alisita kuieleza nazi kwa urefu, kwa sababu watu wa kwao Moroko hawakuwa wakiijua. Akaeleza jinsi tui lifanywavyo: mtu hukaa juu ya kitu mfano wa kiti, penye mti uliotiwa chuma kwenye ncha, nazi husuguliwa kwa chuma hicho mpaka nyama yake yote ikatoka ikakusanywa katika chombo, kisha huloweshwa maji, yakawa meupe kama maziwa na ladha yake ikawa ya maziwa, watu wakalia mkate. Hakutaja jina lake. Lakini mpishi yeyote wa Kibokoni akisomewa maneno hayo atasema, "Huyo asema habari za mbuzi." Safari zake ziliandikwa mwaka 1355. Kwa hivyo kigoda hiki kimekuwa kikikaliwa katika bahari yetu kwa zaidi ya miaka mia sita, na kabla ya hapo pia, kwani hakika Ibn Battuta hakukikuta siku kilipochongwa.

Wala mbuzi si mnyama wa pekee aliyeingia katika vitu. Kanga ni ndege mwenye madoa, akawa nguo. Kiboko alitoa ngozi yake ikawa mjeledi, na mjeledi ukachukua jina lake, hata mtoto wa shule humwogopa kiboko asiyewahi kumwona. Ndege amekuwa chombo cha kwendea Makka. Na jamaa yake mbuzi mwenyewe, beberu, yule dume mwenye ndevu na harufu, alipandishwa cheo zama za kupigania uhuru akawa ni mkoloni, na mpaka leo mabeberu na ubeberu ni maneno ya siasa ambayo watu huyatamka bila kukumbuka zizi. Pana na jina jingine la utani, "mbuzi katoliki", ambalo asili yake ni ndugu zetu wa Tanzania. Nalitaja kwa ajili ya vijana wetu waendao huko kwa kazi: mkialikwa chakula mkaambiwa nyama ni ya mbuzi huyo, ondokeni kwa adabu, maana ni nguruwe.

Kwetu sisi, mnyama na chombo hukutana mara nyingi kuliko tudhanivyo. Siku ya saba mtoto huchinjiwa akika, mbuzi wawili kwa mwana wa kiume na mmoja kwa wa kike, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Nyama iwapo jikoni, wanawake wako uani wamepanga mbuzi zao safu, wakuna nazi za wali. Ukipita nje utasikia mlio wake, krr, krr, krr, na mlio huo mchana wa Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, ulikuwa ukitoka nyumba baada ya nyumba hata mtu asiyekuwa na saa akajua ni wakati gani. Bibi yangu alikuwa akitukataza kuikalia mbuzi bila ya kizio mkononi. Akisema ni mkosi. Nilipokuwa mkubwa nilielewa kwamba mkosi wenyewe ni yale meno: mtoto achezaye farasi juu ya mbuzi huteremka kwa mbele akachanika paja. Mambo mengi ambayo wazee waliyaita mkosi yalikuwa ni chuma kikali tu.

Na namna ya kukaa nayo ilikuwa na adabu yake. Mwanamke hufunga leso yake ikaze, akakaa upande, miguu pamoja. Kukaa kwa kuitanua miguu kama mpanda punda ni jambo lililokemewa, na msichana aliyetazamwa na mama mkwe mtarajiwa alijua kwamba hatazamwi nazi, yatazamwa miguu. Wanaume nao wakuna, msiniambie hawakuni. Mpishi wa jahazini alikuwa na mbuzi yake, na wapishi wa shughuli nao.

Katika shule zetu leo neno hili hufundishwa katika somo la vitawe, maneno yenye maana zaidi ya moja. Mtoto wa Kericho au Garissa huandika katika daftari yake kwamba mbuzi ni mnyama na pia ni kifaa cha kukunia nazi, akapata alama yake. Hajaiona, naye hana lawama. Nionalo mimi la kushangaza ni mtoto wa Likoni naye kujifunza jambo hilo kwenye daftari. Siku hizi tui huuzwa madukani ndani ya mikebe na pakiti. Katika nyumba nyingi nazi hukatwa vipande ikatiwa ndani ya mashine ya kusagia matunda. Na sokoni ukinunua nazi yako, pana kijana mwenye mashine ya umeme, chuma kinazunguka chenyewe, naye hukupokea vizio akakurudishia mfuko wa nazi iliyokunwa kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Ni nafuu kubwa kwa mama arudiye kazini jioni, wala simwambii akarudi kwenye kigoda. Ladha ni jambo jingine. Mashine haijui kusita unywele mmoja kabla ya ganda, na tui la pakiti halina kasimile. Ni la namna moja toka mwanzo hadi mwisho, na mchuzi unaotaka tui la mwisho juu ya moto mdogo hulikosa.

Linalonitia hofu zaidi ni minazi yenyewe. Kilifi na Kwale ndiko kwenye minazi mingi zaidi nchini, na huko huko minazi hukatwa kwa ajili ya mbao na viwanja, na mingi iliyobaki ni mizee, ilipandwa na babu. Kizio hakitoki kwenye mti uliogeuzwa boriti. Maneno kifumbu, kizio, chicha na kasimile kazi yake kubwa ni hiyo moja. Nazi ikiondoka nyumbani, hayo yataondoka nayo, na hayataacha hata kelele.

Lakini mbuzi, lile jina, lina roho ngumu. Juzi nilisimama foleni Marikiti nyuma ya mama mmoja aliyekuwa na vizio vyake vinne ndani ya kikapu. Mashine ya yule kijana ilikuwa yanguruma, umeme ukakatika, ikanyamaza. Mama akamuuliza, "Mwanangu, mbuzi imekufa?" Kijana akajibu, "La, mama, imelala tu, ngojea stima irudi." Hapana kati yetu aliyecheka, wala aliyetazama kando kutafuta mnyama.